Njia ya kwenda ipo, ya kurudi haipo: utatuzi wa matatizo ya njia tuli na njia badilifu kwenye ruta

Mwongozo huu umetokana na simu ninazopokea kutoka kwa mafundi na maofisa wa TEHAMA wa shule, zahanati, vyama vya ushirika na ofisi ndogo za Dodoma, Bahi, Kongwa na Manyoni, na kwa sehemu kubwa malalamiko yao ni yale yale. Taasisi ambayo zamani ilikuwa na ruta moja ukutani sasa ina makao makuu mjini na matawi wilayani, na hapo ndipo kazi ya njia inapoanza: ruta iliyo peke yake inahitaji njia moja tu ya kutokea, lakini ruta tatu zinazotegemeana lazima kila moja ijue nyingine ziko wapi na zinafikiwa kwa kupitia nani, ama kwa njia tuli unazoziandika kwa mkono, ama kwa njia badilifu ambazo ruta hufundishana zenyewe.

Nitatumia mtandao mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho. Makao makuu yako Dodoma mjini na kompyuta zake ziko kwenye 10.10.0.0/24 (yaani maski ya 255.255.255.0). Tawi la Kibaigwa lina 10.20.0.0/24 na tawi la Bahi lina 10.30.0.0/24. Kiungo cha mjini na Kibaigwa ni 172.16.1.0/30, ambapo mjini ni .1 na Kibaigwa ni .2, kiungo cha mjini na Bahi ni 172.16.2.0/30 kwa mpangilio huo huo. Intaneti inaingilia mjini peke yake. Amri nitakazotoa ni za Cisco na MikroTik, kwa sababu ndizo ruta ninazokutana nazo mara nyingi katika ofisi za huku.

Kabla hujagusa chochote

Hifadhi nakala ya mpangilio uliopo, hata kama unaamini umeharibika, kwa kuwa mpangilio mbovu unaofanya kazi nusu una thamani kuliko ruta tupu. Kisha jiwekee njia ya kurudi nyuma. Kwenye MikroTik, bonyeza Ctrl+X kwenye dirisha la amri ili kuingia Safe Mode. Ukipoteza mawasiliano na ruta, mabadiliko uliyofanya tangu hapo hufutwa yenyewe. Kwenye Cisco, andika "reload in 10" kabla ya kuanza, na itakapokuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu hapana. Kazi ikienda vizuri unaandika "reload cancel". Ikienda vibaya, ruta itajiwasha upya baada ya dakika 10 ikiwa na mpangilio wake wa zamani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilinigharimu. Nilikuwa mjini, nimeingia kwenye ruta ya Kibaigwa kupitia kiungo kile kile nilichokuwa nakirekebisha, nikaifuta njia ya zamani ili niandike mpya. Amri ya pili haikufika. Njia niliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikirudisha majibu kwangu, na tawi zima likabaki bila mfumo hadi nilipofika kwa gari jioni, huku watu wakiwa wamepanga foleni tangu saa nane. Tangu siku hiyo naandika njia mpya kwanza, naipima, ndipo naiondoa ya zamani.

Jambo la mwisho la maandalizi ni kusoma jedwali la njia. Kwenye Cisco ni "show ip route", kwenye MikroTik ni "/ip route print". Mstari kama huu:

O 10.30.0.0/24 [110/20] via 172.16.2.2, 00:14:07, GigabitEthernet0/1

unasema mambo saba. Herufi O inaonyesha njia hii imefundishwa na OSPF, mojawapo ya itifaki za njia badilifu. C ingekuwa mtandao uliochomekwa moja kwa moja, S njia tuli, R njia ya RIP na B ya BGP, ambazo nazo ni itifaki za njia badilifu. 10.30.0.0/24 ni mahali pa kufika. Namba 110 ni kipaumbele cha chanzo cha habari, na ndogo ndiyo inayoaminiwa zaidi. 20 ni gharama ya safari. Paketi inakabidhiwa kwa 172.16.2.2, njia ina umri wa dakika 14 na sekunde 7, na mlango wa kutokea ni GigabitEthernet0/1. Ule umri wa njia wengi huuruka, nao ni ushahidi mkubwa: kama tawi linalalamika tangu asubuhi na njia ina umri wa sekunde 40, tayari unajua kwamba kuna kitu kinaanguka na kuinuka.

Dalili: ruta kwa ruta zinajibizana, kompyuta kwa kompyuta hazijibizani

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na huja kwa maneno yale yale: "Fundi, ruta ya huku inajibu, lakini mfumo haufunguki." Anayepiga simu ameingia kwenye ruta ya mjini, akapima 10.20.0.15, kompyuta ya mhasibu wa Kibaigwa, kwa ping, na akapata jibu. Akirudi kwenye kompyuta yake ya mjini, 10.10.0.40, akipima anwani ile ile, hapati kitu.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee, ni kwamba ruta ya Kibaigwa haina njia ya kurudi 10.10.0.0/24. Ping iliyotoka kwenye ruta ya mjini ilibeba anwani ya mtumaji 172.16.1.1, ambayo Kibaigwa inaifahamu kwa sababu imechomekwa nayo moja kwa moja. Ping iliyotoka kwenye kompyuta ilibeba 10.10.0.40, na Kibaigwa haina habari za mtandao huo. Paketi ilifika, mhasibu akajibu, jibu likatupwa mlangoni kwake. Fundi anayechunguza ruta ya mjini peke yake atakaa hapo siku nzima, kwa sababu ruta ya mjini haina kosa lolote.

Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa kwenye ruta ya mjini, lazimisha ping itoke na anwani ya upande wa kompyuta: kwenye Cisco "ping 10.20.0.15 source 10.10.0.1", kwenye MikroTik "/ping 10.20.0.15 src-address=10.10.0.1". Ikijibu bila chanzo na kukataa ikiwa na chanzo, ingia Kibaigwa na uandike njia ya kurudi:

ip route 10.10.0.0 255.255.255.0 172.16.1.1

au kwa MikroTik:

/ip route add dst-address=10.10.0.0/24 gateway=172.16.1.1

Tawi lenye mlango mmoja tu wa kutokea linaweza kupewa njia chaguomsingi badala yake, yaani njia ya kila mahali pasipo na njia yake, 0.0.0.0/0 kupitia 172.16.1.1, na hiyo ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu siku ukiongeza tawi la tatu hutalazimika kuligusa la kwanza.

Sababu ya pili ni lango (anwani ya ruta ambayo kompyuta hutokea) lililoandikwa vibaya kwenye kompyuta yenyewe. Kompyuta za zamani mara nyingi zimewekewa anwani kwa mkono, na lango lake bado ni modemu iliyoondolewa mwaka juzi. Amri ya "ipconfig" kwenye Windows itakuonyesha. Angalia pia maski: kompyuta iliyoandikiwa 255.0.0.0 badala ya 255.255.255.0 inaamini kwamba 10.10.0.40 iko chumba kile kile, hivyo haipeleki kitu kwa ruta kabisa.

Sababu ya tatu ni fayawali ya kompyuta. Windows kwa kawaida haijibu ping inayotoka nje ya sabneti yake, kwa hiyo usihukumu njia kwa kompyuta moja. Pima printa au kamera iliyo kwenye tawi hilo kabla ya kutoa uamuzi.

Sababu ya nne inahusu ruta ndogo za MikroTik zinazofungwa zikiwa na mpangilio wa kiwandani. Mpangilio huo huichukulia ether1 kuwa upande wa intaneti, na kwa hiyo hukataa kila mawasiliano mapya yanayoingilia hapo kuelekea ndani. Fundi akichomeka kiungo cha mjini kwenye ether1, tawi litaweza kufungua mfumo wa mjini, lakini mjini hakutaweza kuanzisha mazungumzo na tawi, ingawa ruta yenyewe itaendelea kujibu ping. Itoe ether1 kwenye orodha ya WAN (upande wa nje), au ondoa kanuni hiyo pamoja na ile ya masquerade, inayobadilisha anwani za ndani kuwa ya ruta, kwa kiungo hicho tu. Usifute fayawali yote ili kurahisisha kazi, hasa kama tawi hilo lina intaneti yake pia.

Dalili: njia tuli imeandikwa, haionekani kwenye jedwali

Ruta haiingizi njia isiyoweza kuitumia. Anza na intafesi: kama kebo haijakaa au redio ya upande wa pili imezimika, intafesi iko chini na kila njia inayoipitia imeondolewa. "show ip interface brief" au "/interface print" inatosha kukuonyesha.

Kama intafesi iko juu, angalia anwani ya hatua inayofuata. Lazima iwe ndani ya mtandao ambao ruta yako imechomekwa nao, na kosa la kawaida ni kuandika 10.20.0.1, anwani ya ndani ya ruta ya Kibaigwa, mahali pa 172.16.1.2. Kwa macho ya binadamu ni ruta ile ile. Kwa ruta ya mjini, 10.20.0.1 ni anwani iliyo ndani ya mtandao ambao ndiyo kwanza inaulizia namna ya kuufikia.

Ikiwa hapo napo pako sawa, huenda kuna njia nyingine ya mahali hapo hapo yenye kipaumbele bora, nayo imekaa kwenye nafasi. MikroTik huionyesha njia yako bila herufi A, maana yake ipo lakini haitumiki. Cisco haitaionyesha kabisa kwenye jedwali. Itafute kwenye "show running-config".

Niongeze tahadhari moja kwa watumiaji wa Cisco. Usiandike njia tuli inayotaja intafesi ya Ethernet pekee bila anwani ya hatua inayofuata. Ruta itaamini kwamba kila anwani ya huko iko kwenye waya huo huo, itauliza kwa ARP mahali pa kila moja, na mawasiliano yatategemea kama ruta ya pili inakubali kujibu kwa niaba ya wengine. Hufanya kazi leo, na siku ya kubadilisha ruta ya pili hukoma bila maelezo.

Dalili: njia ipo, lakini paketi inapita kwingine

Kanuni inayosahaulika ni kwamba ruta huchagua kwanza njia iliyo mahususi zaidi, kabla ya kuangalia kipaumbele wala gharama. Kama kuna 10.20.0.0/24 kupitia 172.16.1.2 na mtu aliwahi kuandika 10.20.0.128/25 kupitia mlango mwingine, basi kompyuta za Kibaigwa kuanzia .128 zitapotea huku za chini yake zikifanya kazi. Lalamiko la "nusu ya ofisi inapata, nusu haipati" karibu kila mara liko hapa au kwenye maski za kompyuta. Andika "show ip route 10.20.0.200" na ruta ya Cisco itakutajia mstari inaoutumia kwa anwani hiyo.

Kwa njia zenye urefu sawa, ndipo kipaumbele kinapoamua: kwenye Cisco njia tuli ina 1, BGP ya nje 20, OSPF 110 na RIP 120. Hapa ndipo ofisi nyingi zinazohama kutoka njia tuli kwenda OSPF hunaswa. OSPF imewashwa, majirani wanaonekana, kila kitu kinapendeza, lakini njia tuli za zamani hazikuondolewa na zinaendelea kutawala kwa sababu 1 ni ndogo kuliko 110. Kiungo kikibadilika, OSPF inajua, njia tuli haijui, na trafiki inaendelea kumiminwa mahali pasipo na mtu. Njia zote mbili zisiachwe kwa kipaumbele cha kawaida: ondoa tuli, au ipe namba kubwa kama 200 ili ibaki ya akiba.

Sababu ya mwisho, isiyo ya kawaida, ni kanuni za kuelekeza trafiki kwa chanzo badala ya mwisho wa safari, kama vile "mangle" na "routing rule" kwenye MikroTik. Ukizikuta na hujui nani aliziweka na kwa nini, usizizime mchana wakati watu wapo kazini.

Dalili: kiungo kikuu kimekufa, cha akiba hakishiki

Ofisi ina nyuzi za mwanga kama kiungo kikuu na modemu ya simu kama akiba, njia mbili chaguomsingi zimeandikwa, moja ikiwa na kipaumbele 1 na nyingine 10. Nyuzi zikikatwa barabarani, intaneti inakufa na modemu haichukui nafasi.

Sababu kubwa ni kwamba ruta haijui kuwa kiungo kimekufa. Kebo fupi kati ya ruta na kifaa cha mtoa huduma bado iko salama, taa inawaka, intafesi iko juu, kwa hiyo njia inabaki. Kwenye MikroTik, ongeza "check-gateway=ping" kwenye njia kuu; ruta itaipima anwani ya lango kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili itaiacha. Kwenye Cisco, kazi hiyo hufanywa na "ip sla" pamoja na "track".

Lakini hata hapo kuna mtego. Lango linalopimwa huenda ni kifaa kilichomo ndani ya jengo lako, ambacho kitaendelea kujibu hata nyuzi zikiwa zimekatika maili kumi mbele. Pima anwani iliyo mbali zaidi ya mtoa huduma, na hakikisha kipimo hicho kinalazimishwa kutokea kwenye kiungo kikuu peke yake. Vinginevyo kitapita kwenye akiba, kitajibiwa, na ruta itarudi kwenye kiungo kilichokufa, kisha itaanguka tena, na hivyo hivyo.

Njia ikishabadilika na bado hakuna intaneti, angalia NAT, yaani tafsiri ya anwani. Kanuni ya masquerade iliyoandikwa kwa intafesi ya kiungo kikuu tu haitatafsiri anwani zinazotokea kwenye modemu.

Dalili: jirani wa OSPF haonekani au amekwama

Anza na "show ip ospf neighbor" au "/routing ospf neighbor print", na usome hali ya jirani, kwa sababu hali yenyewe inakaribia kukutajia ugonjwa.

Orodha ikiwa tupu kabisa, jiulize kwanza kama ping ya 172.16.1.2 inajibu, bila hiyo hakuna OSPF ya kuzungumzia. Ikijibu, angalia kama intafesi imeingizwa kwenye OSPF. Kwenye Cisco, amri ya "network" hutumia maski iliyogeuzwa, kwa hiyo /30 huandikwa 0.0.0.3 na wala si 255.255.255.252. Hakikisha pia intafesi hiyo haijawekwa "passive", hali inayotangaza mtandao bila kuzungumza na jirani; hiyo inafaa upande wa kompyuta, haifai kwenye kiungo.

Kisha linganisha pande mbili, mstari kwa mstari, ukiwa na karatasi: namba ya eneo, maski ya kiungo, vipindi vya salamu (hello) ambazo ruta hutumiana, nenosiri la uthibitisho, na aina ya eneo. Kwenye Ethernet kawaida salamu hutumwa kila sekunde 10 na jirani huhesabiwa amekufa baada ya sekunde 40. Upande mmoja ukibadilishwa kuwa 5 na 20, hawatatambuana kamwe, na hakuna atakayelalamika kwa sauti. "show ip ospf interface" inaonyesha karibu yote haya.

Jirani akikwama kwenye Init, maana yake unamsikia lakini yeye hakusikii. Salamu za OSPF husafiri kwa itifaki namba 89 kwenda anwani ya kundi 224.0.0.5, wala si kwa TCP au UDP, na fayawali iliyofunguliwa "poti zote" bado inaweza kuzizuia. Kwenye viungo vya redio, ambavyo ndivyo vingi kati ya mjini na vijiji vya Bahi na Chamwino, baadhi ya vifaa hupunguza au kuangusha trafiki ya kundi. Angalia kwanza mpangilio wa redio. Ikishindikana, tumia aina ya mtandao inayowataja majirani kwa anwani zao moja kwa moja.

Akikwama kwenye ExStart au Exchange, tafuta MTU. Pande mbili zina ukubwa tofauti wa paketi, kwa mfano 1500 mjini na 1476 upande uliopitishwa kwenye mfereji wa GRE, unaobeba paketi ndani ya paketi nyingine. Salamu ni ndogo na zinapita. Kifurushi cha maelezo ya mtandao hutaja MTU ya mtumaji, na upande wenye MTU ndogo hukikataa. Sawazisha MTU. Amri ya "ip ospf mtu-ignore" ipo na itamtoa jirani kwenye hali hiyo, lakini tatizo la paketi kubwa litabaki chini yake na litajitokeza kwa watumiaji, kurasa zikifunguka nusu.

Hali ya 2-Way isikutishe kwenye swichi yenye ruta nyingi. Ruta zisizo DR (kiongozi wa kundi) wala BDR (msaidizi wake) hubaki hapo kwa kawaida.

Bado haijapona? Linganisha router ID. Fundi anayenakili mpangilio wa Kibaigwa na kuubandika Bahi akibadilisha anwani tu, huacha ruta mbili zenye utambulisho mmoja, na mjini kutaona njia za matawi hayo mawili zikipokonyana nafasi.

Dalili: jirani ni Full, njia hazifiki

Full ni hali ya majirani waliokwisha kubadilishana habari zote. Hili huwachosha watu kwa sababu sehemu ngumu inaonekana imepita. Mara nyingi mtandao wa kompyuta haukuingizwa kwenye OSPF kabisa. Kiungo kimeingizwa, 10.20.0.0/24 ikasahaulika. Au matawi yanapata njia zote isipokuwa intaneti, kwa kuwa njia chaguomsingi haitangazwi yenyewe: mjini kunahitaji "default-information originate" kwenye Cisco, au "originate-default" kwenye MikroTik. Wanaoingiza njia tuli ndani ya OSPF kwenye ruta za zamani za Cisco wasisahau neno "subnets" mwishoni mwa "redistribute static", la sivyo sabneti za /24 za 10 hazitapita.

Kama hayo yote yako sawa, angalia aina ya mtandao pande mbili. Upande mmoja ukiwa broadcast na mwingine point-to-point, vipindi vya salamu vinalingana, hali inafika Full, na bado njia hazihesabiki. Kwa kiungo cha ruta mbili tu, weka point-to-point pande zote.

Dalili: njia inakuja na kuondoka

Hapa usianze na mpangilio, anza na mkono. Pima ping 200 mfululizo kwenye kiungo na uangalie upotevu. Kagua kebo ya nje iliyopigwa na jua, kichwa cha RJ45 kilichojaa vumbi, na adapta ya umeme inayopata moto. Upepo na vumbi la kiangazi cha Dodoma havina huruma kwa dishi lililofungwa kwa skrubu mbili. Likisogea kidogo, ishara inashuka, salamu nne zinapotea mfululizo, na OSPF inamzika jirani aliye hai. Linganisha nyakati za kuanguka na nyakati za upepo au za umeme mdogo kabla ya kubadilisha vipindi vya salamu. Kuna wanaoongeza kipindi cha kufa hadi dakika mbili ili "njia itulie", nami nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa watumiaji wataendelea kukatika na ruta haitakuwa na namna ya kujua.

Kiungo kikiwa kizima, tafuta anwani ya IP inayotumiwa na vifaa viwili, kisha mfereji unaojimeza. Hili la mwisho hutokea pale anwani ya mwisho wa mfereji inapofundishwa kwa kupitia mfereji wenyewe: mfereji unainuka, OSPF inatangaza njia bora, ruta inaamua kuufikia mwisho wa mfereji kwa kupita ndani yake, nao unaanguka. Cisco huandika TUN-5-RECURDOWN kwenye kumbukumbu. Dawa yake ni njia tuli mahususi ya anwani hiyo kupitia kiungo halisi.

Simama hapa kama ukaguzi unadai kupanda mnara. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua za huku huja na radi, na hakuna mtandao wa ofisi unaostahili mtu kuwa juu ya chuma wingu likiwa limejifunga. Mwite fundi wa minara mwenye mikanda na mafunzo. Kubadilisha masafa ya redio kwa kubahatisha nako usifanye. Masafa yanasimamiwa na TCRA.

Dalili: paketi zinazunguka bila kufika

"traceroute" ikikuonyesha 172.16.1.1, 172.16.1.2, 172.16.1.1, 172.16.1.2 hadi mwisho, ruta mbili zinarushiana paketi hadi TTL, hesabu ya hatua ilizoruhusiwa, iishe. Kwa kawaida mjini kumeandikwa njia ya jumla, 10.20.0.0/16 kupitia Kibaigwa, ilhali Kibaigwa ina 10.20.0.0/24 tu na njia chaguomsingi ya kurudi mjini. Paketi ya 10.20.5.9, ambayo haipo, inakwenda na kurudi. Programu moja yenye virusi inayopekua anwani zote inatosha kukijaza kiungo chembamba kwa namna hii. Kibaigwa iandikiwe shimo la kutupia: "ip route 10.20.0.0 255.255.0.0 Null0", au kwa MikroTik toleo la 7, "/ip route add dst-address=10.20.0.0/16 blackhole". Njia ya /24 ni mahususi zaidi, kwa hiyo kompyuta halisi haziguswi.

Dalili zinazohusu RIP

Kama bado unaitumia, hakikisha ruta zote ziko toleo la 2, kwa sababu la 1 halibebi maski, na kwenye Cisco andika "no auto-summary". Hesabu hatua pia: zaidi ya 15 RIP huona mahali hapafikiki. Njia iliyokufa huchukua sekunde 180 kutambuliwa, na huo ni mwenendo wake wa kawaida wala si hitilafu.

Dalili: umeme umerudi, njia zote zimepotea

Kwenye MikroTik mabadiliko huhifadhiwa yenyewe, isipokuwa umeme ulikatika ukiwa bado ndani ya Safe Mode. Kwenye Cisco, mpangilio usiohifadhiwa kwa "copy running-config startup-config" huondoka na umeme. Kama ulihifadhi na bado ruta inaamka tupu, angalia mstari wa mwisho wa "show version": 0x2142 inamaanisha kuna mtu aliyefungua nenosiri na kusahau kurudisha 0x2102, na ruta imeagizwa kuuruka mpangilio wake. Usiandike upya kwa haraka wala usihifadhi chochote. Mpangilio wa zamani bado umo, na unaweza kuurejesha kwa "copy startup-config running-config", kisha ufungue intafesi kwa "no shutdown", maana zitakuwa zimefungwa.

Ruta inayojiwasha upya kila dakika chache, inayonuka kuungua, au iliyopigwa na radi isichomekwe tena kwenye swichi nzima. Itenge na umpe fundi wa vifaa.

Mwachie mtaalamu pia kila kitu kinachogusa BGP na mtoa huduma wako, kwa sababu tangazo lisilo sahihi hapo huvuka mipaka ya ofisi yako na kuharibu kwa watu usiowafahamu. Vilevile ruta inayobeba mfumo wa wagonjwa isijaribiwe mchana; subiri muda uliokubaliwa na uongozi wa kituo, karatasi za dharura zikiwa tayari mapokezini. Ukipiga simu kuomba msaada, uwe na mambo manne mezani: jedwali la njia la ruta zote mbili, matokeo ya ping yenye chanzo kutoka pande zote mbili, saa tatizo lilipoanza, na kitu cha mwisho kilichobadilishwa, hata kama aliyekibadilisha anaamini hakihusiani.